Kupanda kilima cha udongo kwa baiskeli: ukae kitini, usimame au ukokote?

Kilima cha udongo hupandwa kwa namna mbili ukiwa juu ya baiskeli na kwa namna ya tatu ukiwa kando yake: unaweza kubaki kitini, unaweza kusimama juu ya pedali, au unaweza kushuka na kuikokota. Wanaoanza kuendesha baiskeli za milimani kwa kawaida huchagua kwa kuyasikiliza mapafu yao. Hukaa pumzi inapokuwapo, husimama inapokaribia kuisha, na hushuka ikishaisha kabisa. Ulinganisho huu unatetea kipimo kingine. Kwenye njia za udongo, tofauti na lami, kinachomkwamisha mgeni mara nyingi si pumzi bali ni magurudumu: la nyuma linapozunguka bila kusogea, au la mbele linapopoteza uzito na kuanza kutangatanga. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuangalia chini ya mwinuko ni ardhi yenyewe, na habari ya pumzi hufuata baadaye.

Mifano mingi imechukuliwa Lushoto, katika milima ya Usambara, kwa sababu ndani ya eneo dogo pana karibu kila aina ya mwinuko: lami ndefu inayopanda kutoka Mombo kupitia Soni, barabara za changarawe za vijijini, udongo mwekundu unaobadilika kabisa mvua inaponyesha, na vijia vya msituni vyenye mizizi. Anayeendesha katika msitu wa Karura jijini Nairobi au kwenye vilima vya Ngong hatapata shida kuihamishia mifano hii kwake.

Kukaa kitini

Faida kubwa ya kukaa ni kwamba uzito wa mwili hubaki karibu na gurudumu la nyuma, na gurudumu hilo ndilo linalosukuma. Tairi hushika udongo kwa kadiri linavyobanwa chini, hivyo mtu aliyekaa huwa analikandamiza tairi muda wote bila kufanya jitihada yoyote ya ziada. Faida ya pili haionekani kwa urahisi. Aliyekaa huzungusha pedali kwa ulaini zaidi, kwa sababu hautupi mwili wote upande mmoja kisha upande wa pili. Kilo 70 zikiangukia pedali moja kwa ghafla, msukumo hufika kwenye tairi kwa mishindo, na mshindo mmoja unatosha kulifanya tairi liteleze kwenye udongo mlegevu.

Ulaini huo unategemea gia. Nguvu ileile ikitolewa kwa mizunguko 75 ya pedali kwa dakika badala ya mizunguko 45, msukumo wa kila kanyago hupungua kwa asilimia 40, na upungufu huo ndio unaoliokoa tairi. Hesabu ya mizunguko haihitaji kifaa: hesabu mara ambazo goti la kulia linapanda ndani ya sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Ukipata 18, uko kwenye 72, na kwa anayeanza popote kati ya 60 na 80 panatosha kwenye udongo. Washauri wa baiskeli za lami hutaja 90, lakini kwenye kijia chenye mashimo kasi hiyo humfanya mtu arukeruke kitini.

Hasara ya kukaa iko mbele. Kitovu cha uzito wa mwendeshaji na baiskeli yake kiko takriban mita moja kutoka ardhini, na mwinuko wa asilimia 20, yaani unaopanda mita 20 katika kila mita 100, hukisogeza kitovu hicho nyuma kwa karibu sentimita 20. Umbali kati ya magurudumu mawili ni sentimita 110 hadi 120 tu. Kwa hiyo gurudumu la mbele, ambalo tambarare lilibeba kama sehemu mbili kati ya tano za uzito, hubaki na karibu nusu tu ya uzito huo, na ukikanyaga kwa nguvu huinuka. Mgeni akiliona linainuka huvuta usukani juu ili ajishikilie, na kwa kufanya hivyo hulimalizia uzito uliobaki.

Dawa yake ina sehemu mbili zinazokwenda pamoja. Kwanza sogeza makalio mbele sentimita chache mpaka ukalie ncha ya kiti, jambo ambalo halina starehe yoyote na halikusudiwi kudumu zaidi ya dakika moja au mbili. Pili shusha kifua kuelekea usukani, ukiviacha viwiko vikunje na kuelekea chini, si pembeni kama mabawa. Viwiko vikiwa chini, kila unapovuta usukani utakuwa unauvuta kuelekea nyonga zako, na mvuto huo hulibana gurudumu la nyuma badala ya kulinyanyua la mbele. Viwiko vikiwa pembeni, mvuto uleule hugeuka kuwa wa kwenda juu. Ukitaka kuthibitisha, egemeza baiskeli ukutani, ikalie, na uvute usukani kwa mikao yote miwili; tofauti utaihisi mikononi kabla hujatoka nyumbani.

Kukaa pia hudai kiti kiwe kwenye kimo sahihi, na hapa wengi hukosea kwa upande uleule: kiti huwekwa chini ili miguu yote miwili ifike ardhini mtu akiwa ameketi. Usalama huo una gharama, kwani goti huwa limekunjwa sana, paja huchoka mapema, na mtu hulazimika kusimama kwenye vilima ambavyo angevipanda akiwa amekaa. Kipimo cha kawaida ni kuweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu ukiwa umenyooka. Ukirudisha nyayo mahali pake, yaani sehemu pana ya mbele ya mguu juu ya pedali, goti litakuwa limekunjika kidogo tu.

Kusimama juu ya pedali

Kusimama hutoa kitu ambacho kukaa hakiwezi kutoa, nacho ni msukumo mkubwa kwa muda mfupi. Uzito wa mwili huingia wote kwenye pedali, mikono husaidia kwa kuvuta usukani, na misuli ambayo ilikuwa imetulia huitwa kazini. Kwa mwinuko wa mita kumi au kumi na tano ulio mkali lakini mgumu, hakuna njia yenye ufanisi zaidi. Vilevile, aliyesimama huitenganisha baiskeli na mwili wake: baiskeli ikigonga mzizi au jiwe, magoti hukunja na kupokea mshindo, ilhali aliyekaa husukumwa na kiti kwenda juu na kupoteza mzunguko wa pedali. Hata kwenye mwinuko mrefu usio na kizuizi chochote, kusimama kwa kanyago kumi na mbili au ishirini huipumzisha mgongo na makalio.

Gharama yake ni mbili. Ya kwanza ni ya mwili: aliyesimama hana tena kiti cha kumbebea uzito, mikono na kiwiliwili hufanya kazi ya ziada, na mapigo ya moyo hupanda hata kama mwendo haujabadilika. Ya pili, ambayo kwa anayeanza ndiyo kubwa zaidi, ni kwamba uzito huhamia mbele na gurudumu la nyuma hubaki jepesi. Juu ya lami hilo halina madhara, kwa kuwa lami hushika hata tairi lililo jepesi. Juu ya vumbi, kokoto zinazobingirika au udongo uliolowa, tairi huzunguka bila kusogea, pedali inayokanyagwa hukosa upinzani ghafla, na mtu huangukia bomba la juu la fremu. Waliowahi kuangukia hapo hawahitaji maelezo zaidi.

Kosa linalozaa ajali hiyo ni kusimama kwa mtindo wa lami, kifua kikiwa juu ya usukani na nyonga zikiwa mbele sana. Kwenye udongo, nyonga hubaki nyuma, juu kidogo tu ya ncha ya kiti kiasi kwamba kiti hugusa nguo kila baada ya kanyago kadhaa. Mtu huonekana kama anayeahirisha kukaa. Kabla ya kusimama, badilisha kwenda gia moja au mbili nzito zaidi, kwa maana gia nyepesi iliyokufaa ukiwa umekaa itakukimbia miguuni mara utakapoinuka. Kisha ubadilishe tena kabla ya kukaa. Kama baiskeli yako ina shokapu zenye kitufe cha kuzifunga, zifunge kwenye sehemu ngumu na laini, kwa sababu ukisimama shokapu zilizo wazi hudidimia kwa kila kanyago na kumeza sehemu ya kazi yako. Kwenye mizizi na mawe ziache wazi.

Pumzi, na mfano wa Froome na Contador

Kwa upande wa pumzi peke yake, mizani iko wazi kwenye miinuko ya wastani: aliyekaa hutumia hewa kidogo kuliko aliyesimama kwa mwendo uleule, na kadiri mwinuko unavyozidi kuwa mkali ndivyo tofauti hiyo inavyopungua. Mashabiki wa mbio za barabarani watakumbuka kwamba mabingwa wamefanikiwa kwa mitindo yote miwili. Mhispania Alberto Contador, aliyeshinda Tour de France ya 2007 na ya 2009, alijulikana kwa kusimama na kucheza juu ya pedali kwa muda mrefu. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufundwa baiskeli za milimani na Mkenya David Kinjah huko Kikuyu, alipanda akiwa amekaa, miguu ikizunguka kwa kasi isiyo ya kawaida. Tarehe 14 Julai 2013, kwenye Mont Ventoux kusini mwa Ufaransa, Froome, akiwa bado kitini, alimwacha Contador, na hatimaye akashinda hatua hiyo na mbio nzima.

Kisa hicho hupendwa sana na watetezi wa kukaa, lakini kwa mwendeshaji wa milimani kinathibitisha machache. Barabara ya Ventoux ni lami. Hakuna aliyekuwa na hofu ya tairi kuteleza, kwa hiyo kila mmoja aliweza kuchagua kwa kufuata mwili wake, mapafu yake na mazoea yake. Mtu akiuchukua mtindo wa Contador na kuupeleka kwenye kijia cha udongo mwekundu mwezi wa Aprili, atasimama kwa maana zote mbili. Kinachoweza kuchukuliwa bila wasiwasi kutoka kwenye mfano huo ni gia nyepesi na miguu inayozunguka, kwani hayo mawili hufaa kila mahali.

Ardhi kwa ardhi

Tuanze na iliyo rahisi. Lami ya kutoka Mombo hadi Lushoto ina urefu wa takriban kilomita 33 na hupanda kama mita 1,000, yaani wastani wa asilimia 3 tu. Hapa hakuna mjadala: kaa, weka gia inayokuruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kukatika, na usimame mara chache kunyoosha mgongo. Tatizo la barabara hii ni magari kwenye kona, wala si mbinu ya kupanda.

Barabara za changarawe zilizoshindiliwa, kama zile ziendazo vijijini na pembezoni mwa msitu wa Magamba, huruhusu mitindo yote miwili, ila si katikati wala ukingoni. Magari huacha mikondo miwili iliyosafishwa na matairi, na kati yake hubaki tuta la kokoto zilizolegea. Kwenye mkondo unaweza kusimama. Ukihama mkondo, rudi kitini kabla tairi la nyuma halijafika kwenye kokoto. Wanaoanza husahau kwamba ni tairi la nyuma, si la mbele, ndilo linalotakiwa kuwa mahali pagumu wakati wa kukanyaga kwa nguvu.

Udongo mwekundu ndio unaostahili maelezo marefu, kwa sababu una tabia tatu tofauti kwa mwaka. Wakati wa kiangazi juu yake hujengeka unga wa vumbi wenye kina cha vidole viwili, na chini ya unga huo udongo ni mgumu kama sakafu. Tairi huteleza juu ya unga, si ndani yake, kwa hiyo kukaa kwa gia nyepesi na kukanyaga kwa ulaini ndiko kunakolipa tairi nafasi ya kuusukuma unga pembeni na kufikia sakafu. Siku mbili au tatu baada ya mvua, udongo ukiwa na unyevu usioacha alama ya kidole, hushika tairi vizuri kuliko wakati mwingine wowote, na hapo anayeanza anaweza kujifunza kusimama bila adhabu. Katikati ya masika hali hugeuka: udongo hunata kwenye tairi, hujaza nafasi za meno yake, huganda kwenye fremu na breki, na baada ya mita chache tairi huwa limekuwa laini kama la gari lililokwisha. Kusimama hapo ni kazi bure. Kukaa husaidia kwa muda mfupi tu. Mara nyingi jibu la siku hiyo ni kukokota, au kuchagua barabara nyingine.

Mizizi na mawe hupindua mizani. Chukua kijia cha msituni kinachopanda kwa upole kisha kinakutana na mzizi mmoja uliolala kukikata, wenye unene wa kifundo cha mkono, na juu yake mwinuko mkali wa mita nne au tano. Aliyekaa moja kwa moja hadi kwenye mzizi atagonga, atapoteza mwendo, na atakwama akiwa ameuvuka kwa gurudumu moja. Mpangilio unaofaa ni huu. Mita kumi kabla, akiwa amekaa, mwendeshaji huchagua mahali ambapo mzizi uko chini zaidi na anaweza kuuvuka kwa pembe ya mraba, kwa sababu tairi linaloukuta mzizi uliolowa kwa mshazari huteleza kuufuata. Mita tano kabla, huongeza gia moja nzito. Mita mbili kabla, huinuka kidogo, hukanyaga mara moja kwa nguvu na kulegeza mikono ili gurudumu la mbele lipande. Gurudumu la mbele likishavuka, hupeleka nyonga mbele kidogo na kuacha kukanyaga kwa kufumba na kufumbua, ili gurudumu la nyuma lipande likiwa jepesi na lisilosukumwa. Kisha hurudi ncha ya kiti, hupunguza gia, na kuumaliza mwinuko uliobaki akiwa amekaa. Ndani ya mita kumi na tano mtu huyo amekaa, amesimama na amekaa tena, na hakuna hatua hata moja iliyoamuliwa na pumzi yake.

Majani makavu ya mikaratusi na sindano za misonobari zihesabiwe kama unga wa vumbi. Nyasi fupi zilizokauka hushika. Zilizolowa umande hazishiki.

Gia uliyonayo

Ushauri wa kukaa na kuzungusha unadhani una gia nyepesi ya kutosha, na hapo ndipo maandishi mengi ya nje yanapowaacha wasomaji wetu njiani. Tulinganishe baiskeli tatu. Baiskeli mpya ya milimani yenye magurudumu ya inchi 29, meno 32 mbele na 51 nyuma, husogea kama mita 1.4 kwa kila mzunguko wa pedali. Mwendeshaji akizungusha mara 70 kwa dakika atakuwa anakwenda kilomita 6 kwa saa, mwendo ambao mtu mzima mwenye afya ya kawaida anaweza kuumudu kwenye mwinuko wa kadiri.

Baiskeli ya mtumba ya inchi 26 yenye gia 21, ambayo ndiyo iliyojaa kwa wauzaji wetu, mara nyingi huwa na duara dogo la mbele la meno 24 na duara kubwa la nyuma la meno 28. Hiyo husogea kama mita 1.8 kwa mzunguko, ambazo bado zinatosha. Tatizo ni kwamba waya wa gia za mbele huwa umeshika kutu na mnyororo haushuki tena kwenye duara dogo; mtu hubaki kwenye duara la kati la meno 34, na mzunguko mmoja humpeleka mita 2.5. Hapo hawezi kubaki kitini kwenye mwinuko mkali hata angekuwa na mapafu ya Froome. Kabla ya kujilaumu kwamba huna nguvu, mpelekee fundi baiskeli abadilishe waya na ganda lake. Ni matengenezo ya bei ndogo kuliko tairi jipya, na hayana mfano kwa faida yanayoleta kilimani.

Baiskeli ya tatu ni ile nzito isiyo na gia, inayobeba maziwa, mkaa na abiria kutoka Kisumu hadi Bujumbura. Mzunguko mmoja wa pedali zake husogea zaidi ya mita 5. Kwayo, kukaa kwenye kilima si chaguo, kusimama ni kwa mita chache za mwanzo, na ndiyo maana wenye baiskeli hizo ni mabingwa wa kukokota.

Kwa wenye gia, jambo moja la kuzingatia ni wakati wa kubadilisha. Badilisha ukiwa bado tambarare au mwanzo wa mwinuko, miguu ikiwa inazunguka bila kukandamiza. Aliyesubiri mpaka miguu ikwame hulazimisha mnyororo kuhama ukiwa umekazwa, na mlio wa chuma unaosikika hapo ni wa meno yanayoliwa. Mnyororo uliochakaa hukatika wakati huohuo.

Kukokota

Kukokota kumepewa sifa mbaya isiyostahili. Mwendo wa baiskeli ukishuka chini ya kilomita 4 kwa saa, usawa huwa mgumu kuushika, na mtembea kwa miguu anayekokota huenda mwendo uleule kwa kuhema kidogo. Kwenye vilima vya Ngong, ambavyo kilele chake kina mita 2,460, kuna vipande vya nyasi vilivyosimama kiasi kwamba hata wazoefu hushuka bila kuona haya. Kinachomtofautisha mzoefu na mgeni ni kwamba mzoefu hushuka kwa hiari, mita mbili kabla ya kukwama, akiwa na mguu wa upande wa juu tayari kwa kugusa ardhi. Mgeni hushuka kwa kuanguka.

Kokota ukiwa upande wa kushoto wa baiskeli, mbali na mnyororo na meno yake, mkono wa kushoto ukiwa kwenye usukani na wa kulia ukishika nyuma ya kiti. Mwinuko ukizidi, sukuma kwa hatua: sogeza baiskeli mbele kwa urefu wa mikono, funga breki, piga hatua mbili kuifuata, achia breki, sukuma tena. Kijia kikiwa chembamba, wewe utembee upande wa juu au wa chini? Tembea upande wa juu kama ukingo unaporomoka, hata kama itakubidi uhame upande wa mnyororo.

Ipo namna ya nne inayoonekana sana kwenye barabara inayopanda kutoka Bujumbura, ambako waendesha baiskeli hushika nyuma ya malori na kuvutwa hadi juu. Ni hatari kubwa na haimo katika ulinganisho huu.

Kuondoka tena katikati ya kilima

Kila chaguo kati ya haya matatu huishia siku moja kwenye swali la jinsi ya kupanda tena baiskeli mahali palipoinuka. Wengi hujaribu kusimama juu ya pedali na kuondoka kwa nguvu, na tairi huteleza kwa sababu tulizoziona. Geuza baiskeli kidogo ili ikate mwinuko kwa mshazari, hata kama nafasi ni ya mita moja tu. Funga breki ya nyuma. Kalia ncha ya kiti mguu mmoja ukiwa ardhini upande wa juu, weka pedali ya mguu mwingine juu na mbele kidogo, kisha kanyaga na kuachia breki kwa pamoja. Kanyago hilo la kwanza linatakiwa kukupa muda wa kuinua mguu wa pili tu, na la pili ndilo la kuigeuza baiskeli kuelekea juu. Gia iwe nyepesi lakini isiwe nyepesi kupita zote, kwa kuwa ile ya mwisho huisha kabla mguu wa pili haujafika kwenye pedali.

Nani achague nini

Mwenye baiskeli yenye gia zinazofanya kazi, anayeendesha kwenye vumbi, changarawe au msituni, na aanze kwa kukaa na auchukue mtindo huo kuwa makao yake kwa miezi ya kwanza. Kusimama akujifunze mahali pagumu, siku kavu au siku ya unyevu mzuri, kwenye mwinuko mfupi anaoweza kuurudia, na asikutumie kwa umbali unaozidi mita ishirini mpaka atakapoweza kukaa tena bila kuyumba. Mtu mzito, au mwenye mzigo nyuma, atafaidika na kukaa hata zaidi, ila ajue kwamba mzigo wa nyuma unalipunguzia gurudumu la mbele uzito uleule tuliokuwa tunautafuta. Mzigo wa mbele ni bora kwa vilima.

Mwenye magoti yanayouma asikimbilie kusimama akidhani anayapumzisha. Mara nyingi yanayomuumiza ni gia nzito na kiti kilicho chini, na akivirekebisha viwili hivyo atabaki kitini bila maumivu. Maumivu yakiendelea, hilo ni la daktari.

Matairi nayo huamua sehemu ya jibu. Tairi lililojazwa upepo mpaka likawa gumu kama jiwe, kama wengi wanavyolijaza kwa ajili ya lami, hugusa ardhi kwa eneo dogo na kumnyima aliyekaa faida yake. Kwa tairi pana la inchi 2.2 lenye tyubu na mwendeshaji wa kilo 70, psi 30 hivi (kipimo cha mgandamizo wa upepo kinachosomwa kwenye pampu) hutosha kwenye udongo, zikiongezwa kidogo kwa aliye mzito na palipo na mawe makali, kwa sababu upepo ukipungua mno tyubu hubanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili yaliyo sambamba.

Anayejiandaa kwa safari ya siku nyingi, kama njia ya Congo Nile nchini Rwanda yenye kilomita 227 kandokando ya Ziwa Kivu, ambako vilima havina mwisho wa haraka, atajikuta akitumia yote matatu ndani ya saa moja. Kwake hesabu ya pumzi hurudi kuwa na uzito, kwa kuwa kinachotumika asubuhi hakipatikani tena jioni: akae kwa gia nyepesi kwa sehemu kubwa ya njia, asimame kanyago kumi na tano hivi kila baada ya dakika kadhaa ili damu ipite makalioni, na akokote mapema kwenye vipande vikali, akitumia matembezi hayo kula na kunywa maji, mambo mawili ambayo mikono iliyoshika usukani kwenye udongo haipati nafasi ya kuyafanya.